Stelingi hafi, sawa, ila mbona hafanyi kazi? Maswali yenu kuhusu Goldfinger

Wiki iliyopita niliandika mistari miwili tu hapa, kwamba Goldfinger, ile Bond ya 1964 ya Sean Connery, ni muvi ya adui na sio muvi ya stelingi. Mistari miwili jamani! Meseji zimemiminika mpaka simu ikawa ya moto, wengine mnanitukana kistaarabu, wengine mmeuliza maswali ya maana kabisa, kwa hiyo leo najibu machache. Kama hujaiangalia, kifupi ni hivi: Auric Goldfinger ni bonge moja la tajiri mwenye wazimu wa dhahabu, Bond wa ujasusi wa Uingereza anatumwa kumchunguza, na mpango wa jamaa ni kulipua bomu la nyuklia ndani ya Fort Knox, ile stoo ya dhahabu ya serikali ya Marekani pale Kentucky. Nitasimulia mpaka mwisho, miaka zaidi ya 60 imepita msije mkalalamika nimewaharibia.

Kijana wa Tanga: "Kaka umemwonea Bond. Unaposema hafanyi kitu unamaanisha nini?"

Haya tuhesabu wote, mdogo wangu. Bond anakamatwa Uswisi kwenye kiwanda cha Goldfinger, muvi iko katikati hata haijafika, na kuanzia hapo yeye ni mateka. Anafungwa kwenye meza ya dhahabu, leza inapanda kuelekea katikati ya miguu, na anachofanya kujiokoa ni kutaja jina la mpango aliloliokota kwa kudokoa maongezi ya watu, basi adui anapata wasiwasi anazima mtambo. Umbea ndio umemwokoa! Anapelekwa Kentucky kwenye shamba la farasi, anatoroka selo, anajificha chini ya modeli ya Fort Knox ambayo Goldfinger anawaonyesha majambazi washirika wake, anasikia kila kitu, anadakwa tena. Anaandika kikaratasi cha kuomba msaada anakitia mfukoni kwa jambazi mmoja anayeondoka, jambazi anauawa na gari lake linasagwa na kikaratasi ndani. Anapelekwa Fort Knox akiwa amefungwa pingu kwenye bomu lenyewe. Hapo ndipo anapambana na Oddjob, yule baunsa wa Goldfinger anayeua kwa kurusha kofia, na anamuua kwa umeme, hiyo nampa, ni pambano safi. Halafu anahangaika na bomu, anapasua kufuli, anaangalia waya kama mtu aliyefungua friji la jirani hajui lile gesi linakaa wapi, mpaka anatokea fundi wa serikali anabonyeza swichi moja tu. Tik. Imeisha.

Sasa aliyeokoa dunia ni nani? Ni yule rubani mwanamke wa Goldfinger, aliyechezwa na Honor Blackman (jina la mhusika silitaji, mama yangu anasoma hapa). Yeye ndiye aliyebadilisha mitungi ya gesi ya sumu ambayo ndege zake zilitakiwa kuwamwagia askari wa Fort Knox, na kuwapigia simu Washington, na sisi hatukuonyeshwa hata sekunde moja ya simu hiyo! Tunakuja kuambiwa baadaye kwa mdomo. Ningekuwa Goldfinger ningemkatia Bond tiketi arudi kwao, hana madhara.

Ila usinielewe vibaya, mi naipenda hii muvi kuliko Bond karibu zote, na naipenda kwa sababu hiyo hiyo. Adui ana akili, ana mpango, ana haraka zake, stelingi anabaki kumshangaa pamoja na sisi tuliokaa kwenye benchi.

Dada wa Nakuru: "Nilisikia yule msichana aliyepakwa dhahabu alikufa kweli wakati wa kushuti, ngozi haikupumua. Ni ukweli?"

Uongo, dada yangu, na uongo huo una umri mkubwa kuliko mimi na wewe. Anaitwa Shirley Eaton, yule ambaye kwenye muvi anauawa kwa kupakwa dhahabu mwili mzima, ila mwenyewe hakufa, hiyo hiyo 1964 mwezi wa kumi na moja alitokea kwenye kava ya jarida la Life akiwa amepakwa dhahabu vile vile, na akaendelea kuigiza miaka kadhaa mpaka mwenyewe akaamua kuacha. Chanzo cha hizo story ni muvi yenyewe maana Bond anasema pale kwamba mtu akipakwa rangi mwili mzima ngozi inakosa hewa anakufa, na watu wakaamini mazima. Binadamu anapumua kwa mapafu, ngozi haiingizi hewa yoyote ya kukuweka hai. Tatizo la kujipaka rangi mwili mzima muda mrefu ni joto, jasho halitoki vizuri, mwili unachemka. Kwa hiyo usijaribu nyumbani, lakini ukijaribu sababu ya kukupeleka hospitali itakuwa nyingine.

Mdau wa Geita: "Mimi nashinda na dhahabu. Ile dhahabu yao mbona nyepesi hivyo?"

Hili swali nimelisubiri miaka, na limetoka kwa mtu sahihi! Nimekaa na kikokotoo juzi usiku mke wangu akadhani napiga hesabu za vikoba.

Anza na yule jambazi wa kikaratasi, Mr Solo. Yeye kakataa kusubiri, kataka dola milioni moja aliyoahidiwa na Goldfinger aipate leo leo, akapewa kwa dhahabu kwenye buti la Lincoln Continental. Wakati ule bei ya dhahabu ilikuwa imefungwa na serikali ya Marekani kwenye dola 35 kwa aunsi. Milioni moja gawa kwa 35 unapata aunsi kama 28,570, na aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1, kwa hiyo buti lina kama kilo 889. Karibu tani nzima! Lile Lincoln lilitakiwa litembee pua juu kama boti ya mwendokasi, lakini linateleza barabarani kama limebeba mashuka. Halafu Oddjob anampiga Solo risasi, anapeleka gari kwenye mashine ya kusaga vyuma chakavu, Lincoln lenyewe zaidi ya tani mbili, dhahabu karibu tani, marehemu na kilo zake, vyote vinakuwa kibunda kimoja cha mraba. Sumaku inakinyanyua. Inakiweka wapi? Nyuma ya pikapu, Ford Ranchero, kitu cha kubebea magunia ya mahindi! Na pikapu inaondoka! Ingekuwa kirikuu ya hapa mtaani matairi yangetazama mbinguni. Goldfinger anakuja anasema sasa inabidi aende kutenganisha dhahabu yake na marehemu, mi kila mara nasema nenda kwanza katenganishe springi na lami.

Kuna na hesabu kubwa zaidi. Bond anamwambia Goldfinger huwezi kuiba Fort Knox, dhahabu ya dola bilioni 15 ina uzito wa tani 10,500, watu 60 watatumia siku 12 kuipakia kwenye malori 200. Anaongea kwa kujiamini kabisa kama mwalimu wa hesabu. Mi nikapiga kwa bei ile ile ya dola 35, inakuja zaidi ya tani 13,000. Na hata ukikubali hizo zake 10,500, gawa kwa malori 200, kila lori tani 52 na nusu, mizani gani itaruhusu hiyo. Lakini hoja yake ni sahihi, haibebeki, na hapo ndio uzuri wa muvi unapoanza maana Goldfinger anacheka tu. Hataki kuiba! Anataka kuitia mionzi isigusike miaka 58 ili yake yeye ipande bei mara kumi. Bond kasema 57, jamaa akamsahihisha 58. Napenda sana hapo, adui anamsahihisha stelingi hesabu.

Msomaji wa Mwanza: "Kwa nini Goldfinger anawaeleza majambazi mpango wote, na sakafu inafunguka na modeli inatokea, halafu anawaua wote kwa gesi dakika hiyo hiyo?"

Alikuwa anajimwambafai tu. Umejenga modeli, umefunga mota chini ya sakafu, utakaa nayo bila kumwonyesha mtu? Kiakili haina maana, sisi watazamaji ndio tuliokuwa tunaelezwa.

Mzee wa Tabora: "Shikamoo hujambo kijana. Yule wa kofia alikuwa mwanamieleka kweli au mwigizaji?"

Marahaba ni yako mzee, shikamoo. Umeanza kwa kunitania, nimeiona. Harold Sakata, mzaliwa wa Hawaii, mwanamieleka wa kulipwa kweli kweli, na kabla ya hapo alibeba vyuma kwenye Olimpiki ya London 1948 akaondoka na medali ya fedha. Kwa hiyo lile kundi la misuli halikuwa pamba. Kwenye muvi wanasema ni Mkorea, mwenyewe alikuwa Mmarekani mwenye asili ya Japani, na hakupewa sentensi hata moja ya kusema zaidi ya miguno, bado ukimuuliza mtu yeyote anakumbuka nani anakwambia yule wa kofia.

Na nyongeza mzee wangu, hata Goldfinger mwenyewe sauti unayoisikia sio yake. Gert Fröbe alikuwa Mjerumani, Kiingereza kilimpiga chenga, sauti ikawekwa na mwigizaji mwingine wa Kiingereza, Michael Collins. Uso wa huyu, sauti ya yule, na adui bora wa Bond akapatikana.

Dada wa Mombasa: "Niliangalia na wanangu wakubwa. Ile scene ya bandani kwenye nyasi ilinifanya nizime TV. Nyie wanaume mbona hamuisemi?"

Uko sahihi na nakiri sikuisema. Mwanamke anakataa, anasukuma, anapigana judo kabisa, Bond anambana chini mpaka "anakubali", na muziki unapigwa laini kana kwamba ni mapenzi. Hayo sio mapenzi. Watu husema zama zile zilikuwa hivyo, mi nasema hata zama zile neno hapana lilikuwepo.

Na angalia inavyoharibu hata story. Nimesema pale juu kwamba huyu mwanamke ndiye aliyeokoa kila kitu. Sasa sababu yake ya kumgeuka bosi ni ipi? Muvi inataka tuamini ni hiyo dakika moja ya kwenye nyasi. Rubani, ana kikosi chake cha ndege, ana akili timamu, na gesi anayoenda kumwaga itaua maelfu ya askari... hiyo peke yake ingetosha kumgeuza! Mngemwandikia mistari mitatu tu ya kushtuka. Wakaona uvivu, wakamtupa kwenye nyasi. Wanao wakiuliza waambie hivyo hivyo.

Fundi wa kuchomelea, Morogoro: "Ile leza mwaka 1964 waliipata wapi?"

Hawakuipata, fundi mwenzangu wa maneno. Kitabu cha Ian Fleming kilitoka 1959 na humo Bond anatishiwa na msumeno wa duara, leza ya kwanza duniani ikaja kufanya kazi 1960, basi watu wa muvi wakaona msumeno umezeeka wakaweka kitu kipya ambacho wengi walikuwa hawajakisikia. Mwanga wenyewe uliongezwa baadaye kwenye picha. Lakini ule mkato kwenye meza unaouona ukisogea, ule ni kazi yako wewe, kulikuwa na mtu chini ya meza na gesi ya kukatia chuma anapanda nayo taratibu, na Connery juu yake amelala miguu wazi. Mwangalie usoni vizuri, lile jasho sidhani kama ni la uigizaji.

Wa Bujumbura: "Kati ya hii na From Russia with Love ipi kali?"

Ukitaka ujasusi, From Russia with Love ya 1963, ile ngumi ya kwenye treni na Robert Shaw bado hakuna aliyeigusa. Ukitaka jioni na washkaji na karanga, Goldfinger. Next.

Kijana wa Tanga tena: "Saa ya bomu inasimama 007, lakini Bond anasema zilibaki tik tatu. Vipi?"

Wewe nawe hulali. Mwanzoni ilikuwa isimame kwenye 003, kwa hiyo maneno ya Bond yanaendana na hiyo, baadaye wakaona 007, namba ya Bond mwenyewe, itanoga zaidi wakabadilisha picha ya saa na maneno yakabaki kama yalivyo.

Mi hiyo saa nilichelewa kuiona miaka mingi sana. Mara ya kwanza niliiangalia Goldfinger banda umiza, kiingilio sarafu moja, kanda ya VHS iliyochoka, na mtafsiri wetu wa mtaa anaongea juu ya kila mtu, Goldfinger kwake alikuwa anaitwa Mzee Dhahabu na anaongea kama mwenye nyumba anayedai kodi. Pale kwenye leza Bond anauliza unataka niongee? Mtafsiri akashusha sauti, akasubiri, akasema "hapana mwanangu, nataka ufe", banda zima likapiga kelele. Tukafika kwenye bomu. Namba zinashuka, Bond anahangaika na waya, watoto tumesimama juu ya mabenchi... umeme ukakatika. Giza. Tumekaa pale labda nusu saa, hakuna kitu, tukaanza kudai hela zetu. Mwenye banda akawasha tochi akatumulika mmoja mmoja akasema, "Stelingi hafi, mnajua wote, haya nendeni mkalale." Na hela hakurudisha.