Barabarani Unapiga Kelele Bei, Mtandaoni Unanong'ona

Mwezi huu maswali ya biashara za mtandaoni yamekuja mengi kuliko ya ndoa, sijui ndio maisha yamebadilika au ndoa zimetulia. Nimechukua matatu. Kabla ya kujibu niliwaomba walioandika wanitumie linki za kurasa zao nikaingia kuangalia mwenyewe, maana mtu anaweza kukwambia "naposti kila siku" kumbe kinachopostiwa ndio tatizo.

Shikamoo dada. Nauza viatu vya mtumba vya kike hapa Mwanza, mzigo nachukua Mlango Mmoja. Instagram nina wafuasi kama 2,300, naposti kila siku mpaka bando linakata, laiki zinakuja, komenti zinakuja, lakini kwa wiki nauza pea mbili au tatu tu. Jioni nikitandaza turubai barabarani nauza pea kumi na kitu kwa masaa matatu. Mtandaoni nakosea wapi? – Mama Viatu, Mwanza

Marahaba mdogo wangu. Nimeingia kwenye ukurasa wako nimekaa kama nusu saa hivi. Posti ya juu kabisa ni kiatu cheusi cha kisigino kifupi, kizuri kweli, kimewekwa juu ya blanketi lenye maua makubwa mekundu mpaka kiatu chenyewe ukitafute kwa tochi. Chini umeandika "Mzigo mpya umeingia wapendwa, bei DM", yaani bei waje waulize kwenye meseji ya faragha, na emoji tatu za moto. Nikashuka kwenye komenti, watu tisa wameuliza "bei?" na wote umewajibu "njoo DM mpenzi". Mmoja kauliza saizi, hukumjibu. Mwingine kauliza "mko wapi Dar?" naye hukumjibu, na wewe upo Mwanza!

Sasa nikuulize, ukiwa barabarani jioni pale kwenye turubai lako unafanyaje? Si unapiga kelele "tano tano, elfu tano, chagua mwenyewe"? Bei ndio kitu cha kwanza kutoka mdomoni, mtu anapita na haraka zake za kuwahi daladala anasikia elfu tano anasimama. Huwezi kumwambia mpita njia sogea hapa sikioni nikunong'oneze bei, atakuona tapeli. Lakini ukishaingia Instagram ndio unafanya hivyo hivyo, halafu unashangaa kwa nini watu wanapita.

Najua utasema nini, kwamba ukiweka bei wenzako watakuchungulia washushe, au wateja wataanza kulia bei kubwa kwenye komenti. Wenzako bei zako wanazijua tayari dada, mnafungua belo soko moja. Na anayelia kwamba elfu kumi na tano ni ghali hata angekuja DM asingenunua, angekumalizia bando tu. Anayekutoroka ni yule mwenye hela yake mkononi ila hapendi kuuliza, anaogopa akiuliza halafu asinunue ataonekana hana, na watu wa hivyo ni wengi mno hapa kwetu. Huyo haulizi. Anapandisha skrini anaenda kwa mwingine.

Kwa hiyo andika bei. Andika saizi. Na kwa mtumba saizi ya kuandika haitoshi kwa sababu 38 ya kiatu hiki na 38 ya kile hazilingani, chukua rula ya shule ya mtoto ilaze ndani ya kiatu piga picha, mteja apime mguu wake nyumbani. Piga na soli, piga na pale kilipochubuka kama kimechubuka, usifiche, maana mtumba ukifika una kasoro ambayo mteja hakuiona kwenye picha hiyo ndio mara yake ya mwisho na kwako na atawaambia na shoga zake. Blanketi la maua toa, tafuta sakafu tupu au kipande cha kadibodi jeupe karibu na mlango saa mbili asubuhi, mwanga wa pale unatosha kabisa na hauhitaji taa ya duara.

Halafu kwenye maelezo yako ya juu andika Mwanza, na uandike kwamba unatuma kwa basi Geita, Shinyanga na Bukoba kama kweli unatuma, na nauli ya mzigo analipa nani.

Kingine nilichokiona, linki ya WhatsApp umeibandika chini ya picha. Pale haibonyezeki dada, Instagram haifungui linki iliyoandikwa chini ya picha, inabaki maandishi tu. Ipeleke juu kwenye maelezo ya ukurasa, au kwenye stori kwa kile kistika cha linki. Na uiandike sawa: wa.me/255 halafu tarakimu tisa za namba yako bila ile sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Ya kwako imeanza na 2550, nimebonyeza mwenyewe imenikatalia. Sijui ni wangapi wamebonyeza kabla yangu wakakata tamaa.

Anza na hayo kwa wiki tatu. Mambo ya video na kucheza cheza na viatu mkononi tutazungumza baadaye, ukitaka.

Habari dada, mimi natengeneza keki Morogoro mjini. Nilibusti posti moja, yaani nililipia isambazwe kwa watu wengi, kwa shilingi 50,000 nikapata laiki kama mvua lakini oda hata moja. Na kwenye stetasi ya WhatsApp nina kontakti zaidi ya 600 ila wanaoangalia hawafiki 80. Je, hizi hela ninazolipa zinaenda wapi? – Mama Keki

Nzuri mwaya. Pole kwa hamsini yako. Ulivyonitumia ile picha ya skrini nimeona kitu kimoja, kwenye walengwa uliiachia programu ichague yenyewe, na kwenye lengo ukaweka watu watembelee ukurasa. Ndio ikafanya ulichoiomba. Ikakuletea watu wa kutembelea, tena kutoka popote, na mtu wa Mbeya akiipenda keki yako ataibonyezea laiki afanye nini zaidi, keki ya krimu utaipandisha basi?

Siku nyingine chagua mwenyewe, weka Morogoro na kilomita chache kuizunguka, kule bodaboda wako anakoweza kufika keki ikiwa bado imesimama. Lengo weka meseji. Na usibusti posti mpya ukidhani hela itaifufua, subiri ile ambayo bila hela watu wameiulizia wenyewe, hiyo ndio uiongezee elfu kumi uone, ikileta oda ongeza, isipoleta acha.

Ya stetasi ni rahisi ila wengi hawaijui. Wewe kumsevu mteja haitoshi, lazima na yeye awe amekusevu wewe, vinginevyo stetasi yako haimfikii. Ile orodha ya kutuma meseji moja kwa watu wengi nayo iko hivyo hivyo, inabeba watu mpaka 256 lakini asiye na namba yako kwenye simu yake haipati. Hao 600 wako wengi walishakula keki wakafuta na meseji. Kwa hiyo ukikabidhi keki mwambie pale pale mlangoni, "dada nisevu Mama Keki Moro uone keki za wiki", simama asevu, usiondoke. Mimi kuna mama wa sambusa alinisimamia hivyo hivyo nikaona usumbufu, leo nikitaka sambusa ni yeye tu ninayemkumbuka.

Na hamia WhatsApp Business kama hujahamia, ni ya bure, ina katalogi unaweka keki na bei zake, na yale majibu ya kila siku ya "kilo moja bei gani" unayahifadhi mara moja ukibonyeza alama ya mkwaju (/) yanajitokeza. Ila zile picha za skrini za wateja wakikusifia, ficha namba na picha zao kabla ya kuposti. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata bila sheria, mtu alikuagiza keki ya mchepuko wake wewe unaianika namba.

Mambo anti. Akaunti yangu ya ushonaji iliibiwa, walinitumia meseji eti ni Instagram wenyewe nimevunja hakimiliki, nikabonyeza linki nikajaza nywila. Nimefungua mpya ina watu 40, aibu. Kuna kijana ananiuzia wafuasi 5,000, nichukue? – Fundi, Tanga

Poa mdogo wangu, na usichukue. Hao ni majina tupu, hawavai nguo, na ukiposti gauni likapita kimya mbele ya watu elfu tano mteja wa kweli anajua hapo kuna kitu. Wapigie wateja wako wa zamani mmoja mmoja uwaambie akaunti ile si yako tena, kabla mwizi hajaanza kuwaomba advansi kwa jina lako. Hilo la leo leo. Kisha kwenye akaunti mpya washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila peke yake isitoshe kuingia, na kwenye WhatsApp pia, na ile namba ya uthibitisho ya tarakimu sita ikija kwenye simu hata mama yako mzazi akiiomba usimpe, mpigie kwanza usikie sauti yake.