Ficha mafuta ya mchaichai ndani ya hamira

Dada wa Kondele, umeuliza mbona unga wako wa mafuta ya mchaichai hupoteza harufu kabla haujafika soko la Kibuye. Mafuta hayo huruka upesi, basi yafungie ndani ya hamira. Seli yake ina upana wa kama mikromita 5 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na hata ikifa ukuta wake hubaki imara, mafuta yakapenya na kukaa ndani. Koroga hamira, maji na mafuta kwa saa kadhaa, joto nyuzi 40. Utaona yale matone yanayong'aa juu ya uji yakipungua. Usichuje kwa kitambaa, seli zitapita: acha zitue, mwaga maji, suuza, kausha. Mafuta ya alizeti hayafai, molekuli zake ni kubwa mno. Na tafadhali, unga usipate unyevu, ukilowa harufu itatoka.