Tumechanga shilingi 1,200,000 kwa ajili ya kituo cha watoto: tununue nini?

SWALI: Shikamoo mama. Nasoma mwaka wa pili chuo kikuu hapa Dodoma, na katika serikali yetu ya wanafunzi nashughulikia afya na ustawi. Tumechangishana tukapata shilingi 1,200,000 na magunia mawili ya nguo. Mwisho wa mwezi tunataka twende wanafunzi 45 kwenye kituo cha watoto yatima, tushinde nao, tupike pilau na kukabidhi msaada. Kina watoto 38, sita kati yao ni wachanga. Tumepanga kununua makopo 12 ya maziwa ya watoto, ya gramu 400, pamoja na biskuti, juisi na sukari. Msimamizi wa kituo anasema tupitie kwanza kwa afisa ustawi wa jamii. Ni lazima? Vitu tulivyochagua viko sawa? Na picha tunaruhusiwa kupiga?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hongereni, maana najua bumu linavyoyeyuka kabla hata halijazoeleka mfukoni.

Nianze na maziwa, kwa sababu hapo ndipo nia njema inapoweza kumuumiza mtoto. Mtoto mchanga wa kilo 5 anayetegemea maziwa ya kopo hunywa kama mililita 750 kwa siku. Kila mililita 100 huchukua karibu gramu 13 za unga, kwa hiyo kwa siku anamaliza gramu 100 hivi. Kopo lenu la gramu 400 ni la siku nne. Makopo 12 kwa watoto sita ni mawili kwa kila mmoja, yaani siku nane. Siku ya tisa mtaani kwenu mtakuwa mmeshasahau, lakini mama mlezi atakuwa ameshika kopo linaloelekea kwisha na watoto sita wanalia. Atafanya anachofanya kila mtu mwenye upungufu: kijiko kimoja pungufu, maji yaleyale. Tumbo la mtoto linajaa na kilio kinakoma, ila uzito hauongezeki, na anayeona tofauti ni nesi wa kliniki mwezi unaofuata. Au atampa maziwa ya ng'ombe, ambayo hayafai kuwa chakula kikuu cha mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Madini ya chuma ni machache mno na figo zake zinalemewa.

Kwa sababu hiyo, kanuni za kimataifa kuhusu maziwa mbadala, zilizopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, zinamtaka anayetoa maziwa kwa watoto wa namna hii ahakikishe yataendelea kupatikana kwa muda wote wanaoyahitaji. Mwezi mmoja kwa watoto wenu sita ni makopo 45 hivi. Pigeni hesabu kwa bei ya duka la dawa lililo karibu nanyi. Kama haitoki, msigawe kidogokidogo. Muulizeni msimamizi nani anawaletea maziwa sasa hivi na pengo liko wapi, kisha mjaze pengo hilo. Mkinunua, liwe aina ileile wanayotumia na ya umri uleule, kwani kopo la miezi sita kwenda juu si la mtoto wa miezi miwili. Tazameni pia tarehe ya kuisha na kifuniko cha ndani.

Halafu kuna kitu ambacho wageni hawakifikirii kabisa: gesi. Unga wa maziwa hautoki kiwandani ukiwa hauna vijidudu kabisa, ndiyo maana unashauriwa kukorogwa kwa maji yaliyochemka ambayo bado yana joto lisilopungua nyuzi 70, kisha yapozwe ndipo mtoto anywe. Kwa watoto sita wanaolishwa usiku na mchana, hapo pana mtungi wa gesi unaokwisha haraka, chupa za chai zinazotunza moto, na vikombe vidogo visivyo na kona za kuficha uchafu. Hakuna mgeni anayepiga picha na mtungi wa gesi, kwa hiyo hauletwi.

Sasa sukari. Ombeni kuona leja ya stoo. Msimamizi makini atawaonyesha bila kununa. Mara nyingi mtakuta Ramadhani na Krismasi mistari ya "kuingia" imebanana: sukari, mchele, sabuni, sukari tena. Ukifungua kurasa za Februari au Julai, safu ya "kutoka" inateremka peke yake mpaka chini. Mimi ningewashauri mchague mahitaji mawili tu na kuyabeba kwa miezi mitatu, mkilipa mwanzo wa kila mwezi. Umeme wa Luku na gesi ni jozi nzuri. Taulo za kike kwa wasichana wakubwa na nauli za shule ni jozi nyingine. Kama kituo kiko tayari, kuna nauli ambayo mimi binafsi naiona bora kuliko vyote: ya kumpeleka mtoto kwa bibi yake au shangazi wakati wa likizo. Wengi tunaowaita yatima wana mzazi mmoja au ndugu aliye hai, na safari hizo ndizo zinazomfungulia mtoto njia ya kurudi nyumbani. Biskuti na juisi ziacheni. Nguo zichambueni kabla ya kwenda: iliyochanika au nguo ya ndani iliyovaliwa isifike kituoni.

Kupitia ustawi ni lazima kwa mantiki, hata kama msimamizi asingewaambia. Makao ya watoto yanaendeshwa kwa leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na afisa ndiye anayejua kama leseni ipo na nani aliwaleta watoto pale. Mpelekeeni barua ya chuo, orodha ya majina na vitambulisho, na orodha ya vitu. Mkabidhi kwa msimamizi, viandikwe kwenye leja, mpewe stakabadhi.

Ila watu 45 kwa watoto 38, hapana. Nendeni wanane. Mtoto wa miaka mitatu atakurukia na kukuita mama kabla hajajua jina lako, nanyi mtafurahi, lakini kumkumbatia kila anayeingia ni dalili ya mtoto aliyezoea watu wanaokuja na kutoweka. Wenye nia ya kujitolea wachague kazi ya kudumu, kwa mfano hisabati kwa wa sekondari Jumamosi mbili kwa mwezi muhula mzima, watu walewale. Usiingie vyumba vya kulala, usibaki na mtoto peke yenu, msipeane namba za simu, na usimuulize wazazi wake wako wapi.

Picha: za vitu, za kwenu wenyewe, basi. Baadhi ya watoto wamewekwa pale kwa sababu kuna mtu wanafichwa asiwapate. Sura ya mtoto na kibao cha kituo kwenye hadhi ya WhatsApp vinamwelekeza huyo mtu hadi getini. Kuziba macho kwa mstari mweusi hakusaidii. Mjomba anamtambua mpwa wake kwa masikio. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu hata wanafunzi, na mtoto wa miaka kumi akikubali kupigwa picha hajatoa ridhaa yoyote.

Pilau pikeni, ila nyama na mchele vifike asubuhi mapema na mpishi wa kituo awe ndiye mkuu wa jiko. Yeye anajua nani anaumwa na nani hali nini. Mkija ofisini kwa afisa njooni katikati ya wiki, angalau wiki mbili kabla, maana siku nyingine sisi maafisa ustawi tunakuwa mahakamani kutwa nzima na kesi za watoto.