Kabla hujajaza bomba, watafute nyigu wako

Mkulima mwenzangu wa Mbozi, Rungwe au Mufindi, kabla hujafungua chupa ya sumu msimu huu, chukua bua la mhindi lililotobolewa ulipasue kwa kisu. Ukikuta vifuko vidogo vyeupe vimeshikamana kama pamba ndani ya tundu, ujue bungua, yaani kiwavi anayetoboa mabua, aliyekuwa humo ameshamalizwa. Aliyemmaliza ni nyigu mdogo sana, Cotesia sesamiae. Humfuata bungua hadi ndani ya bua, akamchoma na kumtagia mayai mwilini. Mabuu humla kutoka ndani, kisha hutoka na kujisokotea vifuko hivyo.

Nyigu huyu na bungua wetu wa nyanda za juu, Busseola fusca, wote ni wenyeji wa Afrika, na wamezoeana kwa undani wa ajabu. Huko Kenya, nyigu wa aina hiyohiyo anayetoka pwani hamuwezi bungua huyu: mayai yake huzingirwa na chembe za damu ya bungua na kufa. Nyigu wa nyanda za juu humuweza.

Sasa fikiria akija mgeni kabisa. Kantangaze, kiwavi anayeharibu nyanya, mzaliwa wa Amerika Kusini, aliingia Tanzania mwaka 2014. Viwavijeshi vamizi, nao kutoka Amerika, walionekana Afrika Magharibi mwaka 2016 na kutufikia 2017. Wapo nyigu wa kwetu waliojifunza haraka: utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwakuta Charops ater na Coccygidium luteum wakishambulia viwavi hawa Kenya na Tanzania, ingawa mara nyingi walimpata mmoja tu katika kila kumi, au hata chini ya hapo. Nyigu wengine hunaswa na mgeni. Kule Marekani, nyigu wenyeji hutaga ndani ya mayai ya Halyomorpha halys, mdudu mwenye harufu kali aliyetoka Asia Mashariki, na watoto wao karibu wote hufia humo. Yai la nyigu lililopotea hivyo lingemmaliza mdudu mharibifu wa kienyeji. Kwa hiyo mgeni anaweza kumpa nafuu hata adui wa zamani.

Huku kwetu, kwa ninavyoona mashambani, hasara kubwa inapitia kwenye bomba. Kiwavijeshi akishaonekana, watu wanapiga dawa kila wiki, mdudu awepo asiwepo. Kiwavi mkubwa amejificha ndani ya moyo wa mhindi, amefunikwa na kinyesi chake. Bungua yumo ndani ya bua. Nyigu ndiye anayetembea juu ya jani akiwatafuta, na ndiye anayeoga sumu ya kwanza. Shamba lililonyunyizwa namna hiyo linabaki na wadudu wake bila mlinzi, na linaumiza hata la jirani, maana nyigu hajui mpaka.

Mimi huanza kufikiria dawa pale mimea miwili katika kila kumi inapokuwa na dalili mpya, na hata hapo naielekeza kwenye moyo wa mmea tu, jioni. Vishada vya mayai navisaga kwa vidole. Kiwavi aliyezubaa, asiyekula, simuui, maana huenda ana mabuu ya nyigu ndani yake. Naweka viwavi wa namna hiyo kwenye makopo, kila mmoja peke yake kwa sababu hulana, nawapa jani bichi na kufunika kwa kitambaa chepesi. Nyigu wakitoka, nawafungulia shambani. Ukiona kifuko cha kijivu chenye madoa meusi kinaning'inia kwa uzi chini ya jani, kiache, huyo ni Charops.

Ukingoni usifyeke kila kitu. Utafiti wa Kenya uliotangazwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba nyasi aina ya Melinis minutiflora zikipandwa katikati ya mahindi, bungua hupungua na Cotesia sesamiae huongezeka, kwa sababu harufu ya nyasi hizo humwita nyigu. Kama unafuga, ng'ombe nao wanazila. Na kama shamba lako linapakana na la mtu anayepiga dawa kwa kalenda, mpelekee lile bua ulilopasua, umwonyeshe vifuko kwa macho yake kabla hajachanganya dawa nyingine.