Nimepona, lakini unyumba umenishinda

Shikamoo Bibi Muuguzi. Nina miaka 41. Nilitibiwa saratani ya shingo ya kizazi: mionzi ya nje mara 25, ya ndani mara 4, na dripu za kemo, yaani dawa za saratani, kila wiki. Nilimaliza miezi saba iliyopita na daktari anasema naendelea vizuri. Shida ni chumbani, na hilo sijamwambia daktari. Tumejaribu mara mbili, nikahisi kama nachanjwa kwa wembe, na mara ya pili nikatoka damu kidogo. Hedhi imekatika, usiku mwili unawaka. Mume wangu sasa ananipa mgongo. Sijui anaogopa kunitonesha au anaogopa kuambukizwa. Ndiyo basi tena?
Mama Wawili

Marahaba, mwanangu. Damu kwanza. Mionzi huacha ngozi ya uke nyembamba, yenye vijishipa vinavyopasuka kwa kuguswa tu, na huenda ni hivyo. Lakini hilo husemwa na aliyekupima, si mimi. Usingoje tarehe ya kliniki.

Kwamba hukumwambia daktari, sikulaumu. Nimefanya kazi wodi ya saratani miaka 22, na kwa muda mrefu niliuliza wagonjwa habari za choo, kutapika na usingizi. Hili niliruka. Mpaka mama mmoja aliyenizidi umri akaniambia, "Choo changu umekiuliza mara kumi, kitanda changu hata mara moja." Nilitamani ardhi ipasuke.

Mionzi ya nyonga imezima ovari zako, yaani vifuko vya mayai, kwa hiyo umefikia ukomo wa hedhi kabla ya wakati. Ukavu na joto la usiku vinatoka huko. Juu ya hayo, uke wenyewe umepata kovu: unakuwa mfupi na mwembamba, na kuta zake zinaweza kushikamana. Ukishaumia mara moja, misuli inajikaza hata kabla hujaguswa. Ndiyo maana nakukataza kuvumilia. Kuvumilia kunaufundisha mwili kuogopa zaidi.

Kuna vifaa vya kutanulia uke, vijiti laini vya ukubwa tofauti. Wengine huviita dileta. Kwa kawaida huanza kutumika wiki chache baada ya mionzi kuisha. Wewe umechelewa, ila hujakosa. Upimwe kwanza, uambiwe uanze na kipi. Unakipaka kilainishi cha maji, unakiingiza taratibu ukiwa umelala chali, unakiacha dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa wiki. Mwanzoni utajisikia vibaya, wengine hulia. Haidhuru, mradi husukumi kwa nguvu.

Mafuta ya kujipaka yenye manukato usiyaguse, yanaunguza. Na yeyote anayetumia kondomu ajue mafuta huulegeza mpira wake.

Uliza pia habari za estrojeni, homoni ya kike, ya kupaka ukeni, na za homoni za kufidia zilizokatika, maana katika umri wako mifupa nayo inazihitaji. Saratani nyingi za shingo ya kizazi hazilishwi na homoni hizo, lakini zipo za aina nyingine, kwa hiyo daktari aangalie ya kwako ilikuwa ipi. (Msomaji uliyetibiwa saratani ya titi, usidandie jibu hili. Kwako homoni ni suala jingine kabisa.)

Mumeo? Saratani haiambukizi kwa kulala pamoja, wala mionzi uliyopewa haikubaki mwilini. Mwambie hivyo, au uende naye kliniki ayasikie kwa daktari. Wanaume wengi huamini zaidi aliyevaa koti jeupe. Kwa sasa kupapasana na kukumbatiana kunatosha. Mkirudi kwenye tendo lenyewe, wewe ukae juu au mlale ubavu, ili kina na mwendo viwe mikononi mwako.

Ukiona haya mbele ya daktari, andika kwenye karatasi umpe asome: "Nikikutana na mume wangu naumia na natoka damu. Naomba unipime."