Mama anaita maji "kijiko"

SWALI: Mama yetu, miaka 62, alipata kiharusi miezi miwili iliyopita, akapooza upande wa kulia. Akitaka maji anasema "kijiko", tukimletea kijiko anakasirika. Ajabu ni kwamba kaswida anaimba mwanzo hadi mwisho. Majirani wanasema amechanganyikiwa. Tufanyeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Poleni sana. Mama hajachanganyikiwa. Hasira zake zenyewe zaonyesha anajua anachotaka. Lililomponyoka ni neno. Hali hii huitwa afasia. Kwa watu wengi lugha iko upande wa kushoto wa ubongo, ambao pia ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia, hivyo viwili hivyo mara nyingi huathirika pamoja. Mwaka 1861, jijini Paris, daktari Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyeelewa maneno ya watu lakini yeye akibaki na silabi moja tu, "tan". Alipofariki, ubongo wake ulikutwa umeharibika mbele, upande wa kushoto.

Kaswida, sala na kuhesabu ni mambo yaliyokaririwa tangu utotoni, na mara nyingi husalimika. Kwa hiyo msidhani anajifanya.

Mnapoongea naye, zimeni redio. Aongee mtu mmoja, uso kwa uso, kwa sauti ya kawaida, maana hajawa kiziwi. Mshikie kikombe umuulize, "Unataka maji?", kisha subiri, hata sekunde 10, bila kumdakia neno. Tazama na kichwa chake, kwani hata "ndiyo" na "hapana" hubadilishana. Choreni kadi za choo, chai, dawa, maumivu. Kama lugha ya nyumbani ni Kisambaa, ongeeni Kisambaa. Tafadhali, msimhoji "hiki ni nini?" mbele ya wageni, hilo linaumiza.

Ombeni hospitali iwaelekeze kwa mtaalamu wa tiba ya usemi mapema: miezi ya mwanzo ndiyo yenye nafuu ya haraka, ingawa maneno huendelea kurudi hata baada ya hapo. Akikohoa anapokunywa, mwambieni daktari, kwani huenda maji yanaingia njia ya hewa.

Dawa za presha asiziache hata akijisikia mzima. Mdomo ukipinda tena ghafla, au mkono ukilegea zaidi, andikeni dalili zilianza saa ngapi, mkimbizeni hospitali yenye CT scan, mashine ya kupiga picha ya ubongo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na dakika 30 tangu dalili zianze, baada ya picha kuonyesha kwamba mshipa haukupasuka. Njiani msimpe chakula, maji wala aspirini.