Ushuru wa Forodha: Majibu kwa Wasomaji wa Tanga

Marekani ilipotangaza ushuru wa asilimia 10 mwezi Aprili 2025, je, Tanzania ndiyo iliyotakiwa kulipa? (Msomaji, Chumbageni)

Hapana, na swali hili nimekwisha kulijibu zaidi ya mara moja. Ushuru wa forodha hulipwa na mwagizaji katika nchi inayoutoza, naye huuongeza kwenye bei ya mnunuzi wake au humbana muuzaji wa huku apunguze bei, na hapo ndipo mkulima wetu anapoumia. Ndiyo maana hunisikitisha kuwaona watu wakishangilia kila ushuru mpya tunaowatoza "wageni", ilhali bei itakayopanda ni ya sokoni kwetu Ngamiani.

Wakala wa forodha ananidai kodi inayozidi asilimia 25 ya thamani ya mzigo wangu kutoka China. Je, ananiibia? (Msomaji, Makorora)

Huenda hakuibii. Thamani inayotozwa ushuru ni bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli ya meli. Jumla hiyo ikiwa shilingi 1,000,000 na kiwango kikiwa asilimia 25, ushuru ni 250,000. Kisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 hutozwa juu ya 1,250,000, nayo ni 225,000. Umefika 475,000 kabla ya tozo nyingine. Hata hivyo, usimkabidhi wakala fedha za kodi mkononi: mdai hati ya makadirio, ulipe mwenyewe benki kwa namba ya malipo iliyotolewa na TRA, yaani Mamlaka ya Mapato.

Bidhaa nilizonunua Mombasa zilitozwa ushuru mpakani Horohoro. Je, si sote ni Afrika Mashariki? (Msomaji, Mkinga)

Msamaha wa ushuru ndani ya Afrika Mashariki hufuata mahali bidhaa ilipozalishwa, si duka ulikoinunua. Sufuria iliyotengenezwa Kenya na yenye cheti cha uasili, yaani hati ya kuthibitisha ilikozalishwa, hupita bila ushuru wa forodha, lakini iliyotoka China haigeuki kuwa ya Kenya kwa kulala ghalani Mombasa. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kipo cheti cha uasili kilichorahisishwa, ambacho hutolewa mpakani, na wafanyabiashara wadogo wengi hawakiulizii.

Je, naweza kushushia mzigo wangu kwenye bandari bubu, yaani isiyo rasmi? (Msomaji, hakutaja anakoishi)

Hapana, utapoteza mzigo na chombo pia, na sitajibu tena swali la namna hii.

Kwa nini tusitoze ushuru mkubwa kamba za nailoni ili mkonge ufufuke? (Msomaji, Muheza)

Nayaelewa machungu yako, kwa kuwa mwaka 1964 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, nyingi zikitoka mkoani kwetu. Lakini soko lililotuponyoka lilikuwa ng'ambo, kwa wakulima waliofungia nyasi za mifugo kwa kamba za mkonge kabla ya kuhamia plastiki, na ushuru wa Tanzania hauwezi kumgusa mnunuzi wa huko. Atakayeguswa ni mvuvi wetu wa pale Deep Sea, ambaye baharini anahitaji kamba isiyooza. Isitoshe, nchi nyingi hupokea nyuzi ghafi kwa ushuru mdogo au bila ushuru, kisha hutoza zaidi zulia lililokwisha kufumwa. Kwa hiyo ningependa nguvu zetu tuzielekeze kwenye kudai masharti nafuu kwa bidhaa zilizokamilika, na kuhakikisha mitambo ya kusokotea inaingia kwa asilimia 0. Iwapo kiwanda kitapewa kinga ya ushuru, basi tarehe ya kinga hiyo kukoma itangazwe siku hiyo hiyo inapotolewa.